Majani ya Kunde Yamenifanya Mchawi Ukweni kwa Binti Yangu

NIMEITWA MCHAWI. Mimi! Mbele ya mkwe wangu na majirani zake, kwa sababu ya majani ya kunde.

Haya, sasa niwasalimu. Hamjambo nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Admin, nifichie jina kama unavyowafichia wenzangu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mkulima wa Kwedizinga, Handeni. Shule niliishia darasa la saba, lakini nimezaa watoto watano, wote nimewasomesha kwa jembe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa. Ulizeni kijiji kizima. Wa mwisho ana diploma ya ualimu. Ndiye aliyeolewa Korogwe mjini, na ndiye anayeniliza leo.

Huyo binti ana mtoto mmoja wa kike, miaka mitatu na nusu. Mimi namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake angekuwepo angenisahau kwa ajili yake, alivyo mzuri. Sasa mke mwenzangu akiwa kwao haupiti mwezi hajaugua: mara anaharisha, mara mafua, mara sikio linatoa usaha. Akiletwa kwangu, wiki ya tatu anafukuzana na kuku. Akirudi Korogwe, yale yale.

Mama mkwe wa binti yangu ana duka na wanaishi nyumba moja. Mtoto anampenda, sikatai, lakini mapenzi yake yote yako kwenye pakiti. Asubuhi biskuti na chai ya sukari, mchana chipsi, jioni wali mweupe na juisi ya unga. Mtoto akipata joto kidogo tu, anakimbilia duka la dawa kununua antibayotiki, kipimo hakuna. Siku moja nikamwambia kwa adabu, "Mkwe, mpikieni mtoto hata maharage na mchicha." Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mkwe, mjukuu wangu hali majani kama mbuzi. Hizo shida ziacheni huko huko Kwedizinga."

Nikameza. Lakini mtoto alipolazwa mwaka huu nilikuwepo, na daktari, binti mdogo tu, Mungu ambariki, alinikalisha mimi na mwanangu akatueleza taratibu. "Mama, askari wengi wa mwili kambi yao iko kwenye utumbo. Humo kuna vijidudu vizuri, navyo vinakula nyuzinyuzi za maharage, mboga na dona. Vikishiba vinalinda ukuta wa utumbo, na vinawafundisha askari nani adui na nani mgeni tu. Vikikosa chakula vinapungua, na antibayotiki za kubahatisha zinazidi kuvimaliza. Hapo askari wanazembea, au wanapiga ovyo." Akasema pia tusiache kumpima mtoto, chakula hakitibu kila kitu. Jamani, nilitaka kucheza ngoma wodini! Makande, mlenda, maziwa mgando ya jirani zetu wafugaji, vyote nimelisha wanangu miaka thelathini bila cheti.

Tatizo binti yangu anamwogopa mama mkwe wake kuliko anavyomwogopa Mungu. "Mama, nikimpikia mboga anamwaga." Basi tukapanga wawili sisi. Nikaanika majani ya kunde kivulini, nikatwanga, nikachekecha, nikafunga kwenye kipande cha kanga yangu kuukuu. Nikamwambia, "Tia kijiko kwenye uji wake, asione mtu." Akatia, na mtoto akaanza kuchangamka. Hapo kwenye kuficha ndipo nilipokosea, nakiri. Kitu cha halali nimekifunga kama cha haramu.

Jumapili iliyopita naitwa Korogwe haraka. Nadhani mtoto amezidiwa. Naingia, nakuta watu wamejaa, na juu ya meza kile kifurushi changu. Mama mkwe kakikuta chini ya nguo za mtoto.

"Mkwe, hii nini?"

"Majani ya kunde."

"Kunde gani zinafungwa fundo zikafichwa kabatini? Mtoto akija kwako anapona, akirudi kwangu anaumwa. Umemfunga asikae kwetu!"

Nikafungua lile fundo, nikachota, nikatia mdomoni na kutafuna mbele yao wote, bila maji. Mzee mmoja jirani akatikisa kichwa. "Dawa haimdhuru mwenye nayo."

Mnasikia hayo? Ningekataa kula, mchawi. Nimekula, mchawi!

Nikamgeukia binti yangu. "Mwanangu, waambie."

Akaangalia zulia. "Mimi sijui, mama. Sijawahi kuiona."

Huyo ndiye wa diploma. Huyo nimembeba mgongoni nikipalilia. Nilipanda basi la kurudi Handeni, hata siti niliyokaa siikumbuki. Jioni akanipigia analia. "Mama nisamehe. Mume wangu amesema akigundua nilijua, narudi nyumbani mwenyewe, mtoto anabaki. Kubali tu, omba msamaha yaishe."

Yaishe? Mimi nikubali uchawi, niombe radhi kwa watu wanaomwua mtoto kwa biskuti? Nikisema ukweli kwamba tulikuwa wawili, navunja nyumba ya mwanangu kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, jina langu limeoza, na wameshatamka kwamba mtoto hatakanyaga kwangu tena. Atabaki na pakiti zake na antibayotiki zake. Yule daktari nikimwomba aje aeleze, watauliza aliwaeleza nani na nani, na binti yangu ameshakana.

Nyie mliosoma, na nyie kina mama wenye wakwe kama huyu wangu, niambieni la kufanya, ila msiniambie nivumilie. Niseme au nimeze? Nijibuni mapema, maana kikao cha kunijadili ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, nyumbani kwa mkwe, Korogwe. Wameitwa wajomba, mashangazi, hadi mwenyekiti wa mtaa, na mimi nimeambiwa nisikose.