Mfuniko wenye Vifungo

Mzee Sponji alikuwa fundi wa makochi, na makochi ya nyumbani kwake ndiyo yaliyokuwa mabovu kuliko yote mtaani. Kinyozi hajinyoi. Ukikaa kwenye kile kiti chake cha karibu na mlango, springi ilikuchoma ukasahau hata salamu ulizotumwa. Kwa kazi za watu, hata hivyo, hakuwa na mchezo. Akikushonea kochi, wajukuu wako wataligombania.

Kitu pekee cha kifahari alichokuwa nacho ni jakuzi, lile beseni kubwa la kuogea la maji ya moto, na hata hilo halikuingia nyumbani kwa ufahari. Mkewe alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote ya kazi, akisimama kwenye sakafu ya saruji kukoroga masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Alipostaafu, nyonga na magoti vikaanza kumdai. Asubuhi alitoka kitandani kwa kushika kabati, kisha ukuta, kisha mume. Mtaalamu wa viungo hospitalini akamshauri awe ananyoosha miguu ndani ya maji ya moto kila siku. Nyumba moja ya wageni ilipofungwa, Mzee Sponji, aliyewashonea viti vyao vyote, akauziwa jakuzi lao kwa bei ya kutupa. Akaliweka kwenye baraza ya nyuma. Haukupita muda mkewe akawa anakwenda dukani kwa miguu yake na kurudi na umbeya wa mtaa mzima.

Tatizo likawa umeme. Aliyewanunulia ni binti yao, karani wa kampuni ya bima, mwenye watoto na karo zake. Jumapili moja alikuja, akasimama mbele ya mita iliyokuwa inalia, akasema bila kuzunguka.

"Baba, hili jakuzi linakula umeme kuliko nyumba nzima. Nanunua leo, kesho kutwa mita inalia. Mwezi ujao ukiwa hivi hivi, tuliuze. Kuna mwenye saluni analitaka."

Mama yake alijipapasa goti tu, na Mzee Sponji akaona.

Kesho yake akaanza kazi. Alizima mashine ya mapovu, maana mapovu yanapoza maji kwa kuingiza hewa. Akapunguza joto kidogo, kiasi ambacho mkewe hakulalamika. Akaziba upande wa upepo kwa mbao, kisha akafungua ubavu wa jakuzi na kushindilia vipande vya sponji kuzunguka mabomba, akiiachia pampu nafasi ya kupumua. Hayo yote yalikuwa mazuri. Angeishia hapo na kuweka mfuniko wowote mwepesi, nisingekuwa na habari ya kuwasimulia.

Lakini fundi ni fundi. Juu ya maji palikuwa na turubai tu, na joto lote lilipaa kwenda zake. Akatengeneza mfuniko. Chini aliweka plaiwudi, juu yake sponji nene ya kochi, na juu kabisa ngozi bandia ya rangi ya zabibu, iliyobonyezwa kwa vifungo safu kwa safu kama kochi la bwana harusi. Majirani walikuja kuutazama. Mmoja akaomba kuukalia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: Mzee Sponji akaongeza safu nyingine ya vifungo.

Umeme ukashuka. Haukushuka kidogo, ulianguka. Binti akapiga simu mwenyewe.

"Baba, umefanya nini? Ule niliowanunulia bado upo!"

"Kazi ya mikono, mwanangu," akajibu, na siku hiyo karakana nzima haikufanya kazi kwa kusikiliza habari za mfuniko.

Alikuwa na furaha ya kweli. Alijiona amemwokoa mkewe kwa sindano na uzi.

Asubuhi moja alisahau mkasi wake mzuri, akarudi nyumbani kuuchukua. Akamkuta mkewe kwenye ukumbi, anatembea kiubavu, viganja vyote viwili ukutani.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Wewe umerudia nini?"

"Njoo kwenye maji, mama. Twende nikufungulie."

Alitoka haraka barazani. Taulo la mkewe lilikuwa kwenye kamba, limekauka kauu, lina vumbi. Akashika mfuniko kuuinua. Yeye, anayebeba kochi la watu watatu mgongoni, aliguna. Vifungo vilikuwa vinadondosha maji. Kila tundu la sindano lilikuwa limepitisha mvuke, na sponji, kwa kuwa ni sponji, ilikuwa imeunywa siku zote hizo.

"Hujaingia tangu lini?" akauliza bila kugeuka.

"Tangu ulipouleta."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unaimba. Mtoto naye kafurahi. Nikasema afadhali, jakuzi haliuzwi."

Kumbe umeme ulishuka kwa sababu maji hayakufunguliwa wala kuguswa na mtu. Mzee Sponji aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kila asubuhi alipotoka kwenda kujisifu, mkewe alisubiri mlango ufungwe ndipo aanze safari yake ya ukutani.

Hakurudi karakana. Alichukua kisu cha kazi akaupasua mfuniko katikati, ngozi, vifungo na vyote. Akaenda duka la mafriji akaomba lile povu jeupe gumu linalofungiwa mizigo, ambalo halinywi maji. Akalikata vipande vyembamba, akavivika nailoni na kuvifunga kwa utepe wa gundi, bila kupitisha sindano hata mara moja. Kipande kimoja mtu aliweza kukiinua kwa mkono mmoja. Ulikuwa mfuniko mbaya kwa sura, na hakuna jirani aliyeomba kuukalia.

Mwezi ulipoisha binti akapiga simu.

"Baba, umeme umepanda tena. Haujafika kule kwa zamani, lakini umepanda. Ule mfuniko umeharibika?"

"Nimeuharibu mwenyewe. Siku zile umeme ulipokaa, mama yako hakuwa anaoga. Mfuniko ulimshinda kuinua. Alikuwa anatembea kwa kushika ukuta na mimi najisifu."

"Mama yuko wapi? Mpe simu."

"Hawezi kushika simu. Yumo majini."

Binti akasema atapiga baadaye. Kabla Mzee Sponji hajaiweka simu mezani, ujumbe wa binti ukaingia: namba za umeme mpya aliowanunulia.