Funga Sakafu Nikiwa Humu

Ngo, ngo, ngo. Chuma kinagonga chuma mahali fulani chini ya nyayo, kisha kimya, kisha kikohozi. Katika chumba kipya kilichoongezwa nyuma ya nyumba moja Quakers Hill, magharibi mwa Sydney, haonekani mtu. Sakafu haijapigiliwa bado: kuna boriti tupu, na kati yake magodoro membamba ya sufi ya kuzuia baridi.

Kisha kinachomoza kichwa chenye vumbi na barakoa iliyoloa. Ni Léocadie Mirindi, fundi bomba, mzaliwa wa Bukavu.

Ni Jumamosi, Julai 2021, katikati ya majira ya baridi ya huku. Jumatatu ujenzi wote jijini unasimamishwa kwa sababu ya korona. Msimamizi wa kazi, Mkenya Clifford Mbuvi, anataka sakafu ipigiliwe mbao leo. Mabomba ya maji moto ya kupasha chumba joto, kutoka kwenye boila, yameshapita chini, lakini nusu yake haijavikwa sponji ya kuhifadhi joto. Sponji imekwisha, na madukani haipatikani.

“Léo, wacha ubishi. Hiyo sufi inatosha,” anasema Clifford.

“Sufi iko juu, patron. Bomba liko chini yake. Moto wote utaenda kwa panya.”

“Na nani ataona?”

“Mama Cherotich. Atalipia gesi na bado atavaa koti ndani.”

Cherotich, mwenye nyumba, ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa korona. Chumba hiki anakijenga ili asiwaambukize wanawe. Kwa sasa analala gereji.

Léocadie alikuja kama mkimbizi, akapakia maboksi miaka sita katika ghala la Wetherill Park. Alipoanza kujifunza ufundi, kipato kilishuka kwa nusu. “Bwana mmoja aliniambia wanawake hawaingii chini ya nyumba,” anasema. “Nikaingia. Mpaka leo sijatoka.”

Clifford anauchukua ubao wa kwanza. Léocadie anazama tena kati ya boriti na kulala chali kando ya mabomba yake.

“Funga nikiwa humu,” anasema.

“Ukinigomea leo, kazi zikifunguliwa sikuiti.”

“Usiniite.”

Si neno jepesi. Tangu watu wafungiwe majumbani, Clifford ndiye pekee anayempa kazi.

Cherotich amesimama mlangoni na sare yake ya kazi. “Kusema ukweli, Léo, nilitaka kulala hapa usiku wa leo,” anasema. Anainama kuyatazama mabomba yaliyo uchi. “Clifford, rudisha huo ubao. Iache sakafu wazi.”

Clifford anaurudisha ubao, anakusanya vifaa vyake na kuondoka bila kuaga.

Léocadie anatoka, anajipangusa magoti. Leseni anayo. Sasa anatafuta gari la mtumba, aandike jina lake ubavuni, asimtegemee msimamizi yeyote.

“Mama Cherotich,” anasema, “siku watakaporuhusu kazi, nitaingia hapo getini kabla hujamaliza chai. Clifford anilipe, asinilipe. Sponji nitaitafuta, nitavika kila bomba, nitapigilia kila ubao kwa mkono wangu, na Agosti haitaisha wewe ukiwa gereji. Nakuahidi.”