Firigisi ya Baba
Baba alipougua ugonjwa wa kutetemeka, nilirudi kwetu Shinyalu kumtunza, tukawa wawili tu nyumbani. Kila mchana nilimpa dawa yake pamoja na kuku, na firigisi ilikuwa yake, kama desturi yetu inavyotaka mwenye boma aheshimiwe. Kila alipomaliza kula alikakamaa kitini. Nilimfokea kwamba ananifanyia makusudi.

Daktari ndiye aliyenieleza kwamba ubongo wake umepungukiwa na kemikali inayopeleka ujumbe wa kutembea. Dawa huirudisha, lakini nyama hugombania nayo mlango uleule wa kuingilia mwilini, dawa ikabaki nje. Kumbe heshima yangu ndiyo iliyomfunga.

Baba hayuko tena. Nikichinja kuku, firigisi bado naiweka kando. Inapoa sahanini, na sina wa kumwomba msamaha.