Gesi ya Mageti kwa Tangi la Maziwa

Kuna watu watakuambia gesi ni gesi. Mimi nikisikia hivyo damu hunichemka mpaka leo.

Tulikuwa na karakana moja Eldoret, mimi na rafiki yangu. Yeye ni mwenyeji, kwao Chepsaita. Baba yangu alikuja kutoka upande wa Mlima Kenya, lakini kitovu changu kimezikwa hapa hapa. Yeye alichomelea mageti kwa mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi tupu, ambayo sisi mafundi huita kaboni tu. Mimi nilitengeneza matangi ya maziwa ya stenlesi, chuma kisichopaswa kuota kutu, na mtungi wangu ulikuwa wa gesi ya argoni iliyotiwa kaboni kidogo sana. Kaboni ikizidi, mshono wa stenlesi utang'aa ukipigwa grainda, halafu baadaye uote kutu. Nilimwambia mpaka nikachoka. Alicheka tu, akaniita daktari wa mitungi.

Kisha uchaguzi ukaharibika, watu wa upande wa baba yangu wakaanza kufukuzwa. Nyumba yetu Kapsoya ikachomwa, na mimi na mke wangu na watoto tukaishia kwa hema la wakimbizi. Rafiki yangu aliibeba mashine yangu ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi, akaificha kwao, waporaji wasiipate. Hilo nilimshukuru, na bado namshukuru.

Niliporudi, mlango wa karakana ulikuwa na jina lake pekee. Nikaingia kazini. Mtu aliyetoka kwa hema ataanza kugombania rangi ya mlango? Nilichotaka ni kitu kimoja, watu wa huku waniite fundi tena.

Siku si nyingi, mama mwenyekiti wa kikundi cha maziwa cha kule Ziwa, nje ya mji, akaleta tangi kwa pikapu. Lilitengenezwa kwetu nikiwa sipo. Ndani, kila mshono ulikuwa na mstari wa kahawia, na maziwa yao yalikuwa yanakataliwa kiwandani. Nilichungulia mara moja nikajua ni gesi ya mageti. Kabla sijafungua mdomo, rafiki yangu akaninyooshea kidole, akasema mambo ya stenlesi siku zote ni kazi yangu.

Yule mama alinipima kutoka kichwani hadi viatuni. Wacha niseme ukweli, niliumia.

"Mama," nikasema, "hili tangi lilipochomelewa, mimi nilikuwa kwa hema."

Dereva wa pikapu akaangalia chini. Rafiki yangu akajifanya anatafuta spana. Mama akashusha pumzi.

"Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Hayo tuliyaacha."

Tuliyaacha! Sikuwa nimeuliza nani alichoma nini. Nilisema tu nilikuwa wapi, na hata hiyo ilikuwa nyingi.

Nililirudia tangi lote mwenyewe. Rafiki yangu alitaka tuazime argoni tupu kwa jirani anayechomelea aluminiamu, tumalize haraka. Nikakataa. Kwa MIG, argoni tupu peke yake hufanya moto uyumbe, na mshono hurundikana juu bila kushika vizuri. Nikangoja mtungi wangu wa argoni yenye ile kaboni kidogo ujazwe. Nikakata kila mshono wenye kutu, nikachomelea upya, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Jina langu halikuwa na mahali pengine pa kusimama.

Siku ya kulipeleka nilivaa shati safi. Rafiki yangu akanishika bega.

"Ndugu yangu, Ziwa bado hakujatulia kwa mtu wa kwenu. Wacha niende peke yangu."

Alisema kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo ilinimaliza. Nikabaki nafagia vipande vya chuma.

Miaka imepita na tangi halijashika kutu. Majuzi nilikutana na yule mama sokoni. Amezeeka. Alinisalimu vizuri, akauliza watoto, akasifu vile rafiki yangu aliwaokoa na lile tangi. Halafu, kwa roho safi kabisa, akanishauri nisione aibu, niende kwa huyo rafiki anifundishe stenlesi.

Nikamwambia asante, Mama.