Gari la Katekista Siku ya Baraka

Msinicheke sana. Nililing'arisha gari la katekista wetu hapa Izia ili padre alibariki Jumapili. Kabla ya kupaka dawa ya kulinda rangi, lazima mafuta ya polishi yafutwe kwa spiriti. Mwenye duka la dawa aligoma kupunguza bei, nikanunua gongo badala ya spiriti. Mafuta yalitoka yote, nikajipongeza. Matambara niliyofutia nikayasahau chini ya kiti.

Jumapili padre alifungua mlango, akanusa, akamtazama katekista. Waumini wakanong'onezana. Nami nilichanganyikiwa kuliko wote: mzee huyu hata pombe ya ulezi haonji, kaanza lini?

"Baba, mimi sinywi," katekista alisema, machozi yakimlengalenga.

Padre akainama, akavuta tambara langu. Hapo nikanyoosha mkono.

"Baba Padre, aliyekunywa ni gari."