Stendi Kubwa: Iachwe au Itolewe?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa spana mbili na pikipiki iliyojaa udongo mwekundu, nikaambiwa nikaze cheni. Nilikuwa nimejifunza ufundi kwenye gereji za mtaani hapa Moshi, kwa hiyo nilijiona najua kila kitu. Nikaiegemeza kwenye stendi ndogo, ile ya pembeni, nikapiga magoti. Mkuu wa Karakana akaja akasimama nyuma yangu.

"Gurudumu la nyuma utalizungushaje wakati limekanyaga chini?" akauliza. "Na mafuta ya injini utayapimaje chombo kikiwa kimelala upande? Utapima uongo. Kisimamishe!"

Akanionyesha. Stendi kubwa ni ile yenye miguu miwili, iliyofungwa chini ya injini. Pikipiki ikipanda juu yake inasimama wima, gurudumu la nyuma linaning'inia, nawe unalizungusha kwa kidole huku ukikagua cheni, breki na tairi. Tangu siku ile sijampenda fundi anayefanya kazi pikipiki ikiwa imeinama. Namwona kama mtu anayekunywa uji amelala.

Karakana yetu ilihudumia pikipiki za mradi wa ng'ombe wa maziwa. Nilipelekwa kwanza Sanya Juu, ambako vumbi lilinifundisha kusafisha vichujio vya hewa, kisha Kahe, kwenye mashamba ya umwagiliaji. Huko Kahe mimi mwenyewe niliomba stendi kubwa zitolewe, maana vijia vyake vinavuka kingo za mifereji, na kila ukingo ulikuwa unaikwangua stendi. Ardhi ni tambarare na maafisa wa mradi walitembea wawili wawili, mmoja akiishika pikipiki mwenzake akiziba pancha, hivyo hakuna aliyeikumbuka. Nasema haya mapema ili mjue kwamba mimi si mpenzi wa vyuma kwa ajili ya vyuma.

Niliporudishwa Moshi kuwa fundi mkuu, nikamkuta Meneja mpya wa Usafirishaji. Alikuwa kijana mwenye haraka, lakini si mtu mbaya. Mwezi wake wa kwanza, afisa mmoja alianguka kwenye kona akishuka kutoka milimani, akavunjika mkono. Springi inayoivuta stendi kubwa ikae juu ilikuwa imechoka, stendi ikaning'inia ikagonga jiwe. Meneja akaniita ofisini.

"Fundi, toa stendi zote kubwa. Zote. Hata vijana wa bodaboda wanazitoa."

"Kilichomwangusha ni springi, bosi. Nikibadilisha springi zote, kosa limekwisha."

"Na Ndeanasia?" akasema. "Yeye hata hawezi kuipandisha hiyo stendi. Ameshaangusha mtungi mmoja. Akiangusha mwingine namrudisha mjini, akae mezani."

Hapo niliumia. Ndeanasia ndiye aliyekuwa mpandishaji wetu wa Mwika. Mpandishaji hufika nyumbani kwa mfugaji na kumpandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu badala ya dume. Mbegu hizo hukaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni, kimiminika chenye baridi kali kupita barafu, na mtungi hufungwa kwenye keria, nyuma ya kiti. Mtungi ukilala, kimiminika kinamwagika na mbegu zinakufa zote. Mtungi wa kwanza ulianguka kwa sababu aliegesha kwa stendi ndogo kwenye udongo wa migombani uliolowa mvua, mguu ukazama. Mama yule aliipenda kazi yake ya mlimani kuliko kitu chochote, na wafugaji wa kule walimpenda. Kumfungia mezani ilikuwa kumzika.

"Nipe wiki," nikamwambia Meneja. "Kisha twende wote Mwika ukaone kwa macho yako. Akishindwa, nazitoa zote kwa mkono wangu."

Kila asubuhi, kabla hajapanda mlimani, Ndeanasia alipitia karakana. Alikuwa mfupi, mwepesi, na mwenye hasira za karibu. Siku ya kwanza aliivuta pikipiki kwa mikono mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kaka, hili dude limetengenezewa wanaume!"

"Dude halijui mwanamume wala mwanamke. Acha kuvuta. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye chuma cha keria. Sasa shusha stendi kwa mguu, uisikilize mpaka miguu yake yote miwili iguse sakafu. Imegusa?"

"Imegusa."

"Panda juu yake kwa uzito wako wote, kama unapanda ngazi."

Akapanda. Pikipiki ikajivuta nyuma, ikasimama. Akaniangalia, akaiangalia, akaishusha, akarudia tena na tena mpaka nikamfukuza aende kazini.

Siku ya kwenda Mwika mvua ilikuwa imenyesha. Mimi na Meneja tulimfuata kwa gari hadi kwa mfugaji aliyekuwa akisubiri na ng'ombe wake bandani. Njia ya kuingia kihambani, kwenye shamba lake la migomba, ilikuwa mteremko wenye utelezi. Ndeanasia akasimama, pua ya pikipiki ikitazama chini, akashusha stendi akakanyaga. Pikipiki ikapanda nusu, ikateleza mbele, na mtungi ukayumba. Nilikuwa nimemfundisha kwenye sakafu ya saruji, sikufikiria mteremko hata kidogo.

Meneja akaruka kwenda kuishika keria.

"Bosi, tafadhali usinisaidie," Ndeanasia akasema bila kugeuka. "Kesho hutakuwepo."

Meneja akarudi nyuma. Mama akatazama njia juu, akatazama chini, kisha akapanda pikipiki, akaizungusha polepole mpaka pua ikaelekea mlimani. Akashuka, akashusha stendi, akasikiliza, akakanyaga. Safari hii mteremko wenyewe ulimsaidia, pikipiki ikarudi nyuma ikakaa wima. Akafungua mtungi, akachukua mrija, akaingia bandani kama vile sisi hatupo.

Tulipokaribia karakana, Meneja akanigeukia. "Badilisha springi zote," akasema. "Stendi ya mtu yeyote isitolewe kabla mwenyewe hajaulizwa."

Sasa nimestaafu. Vijana wa bodaboda wananijia nyumbani na swali lilelile: mzee, nitoe au niache? Nawauliza wanabeba nini, wanaegesha wapi, na wakipata pancha porini nani yuko nao. Wengi nawaambia waache, wachache nawaambia watoe, na sijawahi kukosea. Wale wanaotoa kwa sababu pikipiki inapendeza zaidi nawaambia wakanunue kioo.

Juzi alinipigia simu meneja wa sasa, ambaye sijawahi hata kumwona.

"Shikamoo mzee. Ndeanasia anastaafu mwezi ujao. Anayechukua Mwika ni kijana mrefu, mwenye nguvu, anasema stendi kubwa inampa tabu, itolewe. Wewe unashaurije?"

"Muulize Ndeanasia."

"Nimeshamuuliza."

"Amesemaje?"

"Amesema isiguswe hata bolti moja. Na kwamba kuanzia Jumatatu kijana apitie kwake kila asubuhi, kabla hajapanda mlimani."