Ziwa Ndani ya Kompyuta ya Mélanie

Mélanie Kalenga hapendi tanuri za matofali. Akiona moshi wake husonya, kisha hutuhubiria habari za miti iliyokatwa mpaka sisi majirani zake tunamkimbia. Ni mchoraji wa majengo. Hajengi kitu kabla hajakijenga kwanza ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, ajue kitakula kuni na saruji kiasi gani.

Parokia ilipomwomba awachoree materniti, nyumba ya kujifungulia, hapa ufukweni, aliichora ya matofali ya udongo mbichi, yaliyoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini. Tanuri hakuna, saruji kidogo tu. Alijivunia kazi ile, na alikuwa na haki.

Lakini ziwa letu limekuwa likipanda, na sisi wa ufukweni tumeona nyumba zikiliwa. Kabla msingi haujachimbwa, Mélanie alilichora na ziwa kwenye kompyuta, akalipandisha hadi alama ya mafuriko yaliyopita, akaongeza kidogo. Maji yakaingia mlangoni, yakafika chumba cha kujifungulia. Udongo mbichi ukikaa majini hurudi kuwa tope. Akaenda na kompyuta yake, nami nikamsindikiza, kuiomba kamati ijenge juu mlimani.

"Mama Mélanie," alisema Papa Télesphore, mzee aliye mkubwa wa kamati, "padri alishabariki ile jiwe ya musingi. Unataka tuhamishe baraka?"

"Papa, maji haijuake baraka."

"Ile maji yako njo ya ordinateri," alisema akiinyoshea kidole kompyuta. "Ya kweli iko mbali."

Wakacheka, na kicheko kile kiliniudhi. Kwetu jiwe likishabarikiwa, nani atathubutu kulisogeza? Mélanie aliinua sakafu kadiri walivyomruhusu.

Materniti ikazinduliwa kwa nyimbo. Mchana ndani kuna ubaridi mzuri, na wageni waliisifu. Kisha masika yakaja, ziwa likaanza kusikika hata tukiwa jikoni.

Jana asubuhi Bijou, mdogo wake Mélanie, alishikwa na uchungu, tukamlaza humo. Mélanie alipitisha kiganja chini ya ukuta, nyuma ya kitanda. Udongo uliolowa ukatoka na vidole vyake. Niliogopa.

"Simama, Bijou. Twende."

"Niende wapi, yaya?" Bijou alimuuliza dada yake. "Mutoto anakuja."

Papa Télesphore alitokea mlangoni, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi. Hakutusalimu.

"Mama Mélanie," aliuliza kwa sauti ya chini, "kwa ile ordinateri yako, maji ilisimama wapi?"

Mélanie alionyesha kitanda cha Bijou.